NGOMA IKILIA SANA HUPASUKA: Jinsi Turbo ya Gari Inavyodhibitiwa Tangu Kiwandani

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kabla sijaanza somo langu, naomba niondoe shaka moja. Turbo nitakayoizungumzia hapa si ule mji wetu ulio kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Webuye! La hasha. Ninazungumzia kile chombo kilichofungwa kwenye injini, ambacho hulifanya gari dogo likupite mlimani kama mshale huku dereva wake akikuonyesha meno.

Wengi wetu tunapenda sana kuzizungumza turbo. Kila Safari Rally inapokuja Naivasha, kama ilivyofanya tangu iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 1991, la, nisahihishe kalamu yangu, mwaka 2021, utawasikia wanafunzi bwenini wakiiga milio ya magari hadi mwalimu wa zamu aje na tochi. Lakini ukimwuliza mmoja wao, "Ndugu yangu, ni nini kinachoizuia turbo isiipasue injini?", atabaki kukodoa macho. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuja kujifunza baada ya hasara kubwa kuingia katika jamaa yetu, na karo yangu ya muhula wa pili kuchelewa. Kisa chenyewe nitakisimulia. Kwanza tujenge msingi.

TURBO NI MVUKUTO

Umewahi kumwona mhunzi kazini? Makaa yake peke yake hayawezi kuyeyusha chuma. Ni lazima awe na mvukuto wa kupuliza hewa. Hewa ikizidi, moto unazidi. Injini nayo ni vivyo hivyo. Petroli haiwaki bila hewa, na ili iwake vizuri kabisa, kila kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kwa hivyo kuongeza petroli tu hakuongezi nguvu. Utatoa moshi mweusi na kumaliza pesa zako.

Injini ya sisi 2,000 hunyonya lita mbili za hewa kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, itanyonya kama lita 3,000 kwa dakika hiyo moja. Hiyo ndiyo pumzi yake, wala haina nyingine. Ukitaka nguvu zaidi, una njia mbili: ujenge injini kubwa zaidi, au uishindilie hewa iingie nyingi katika nafasi ile ile.

Mhandisi mmoja wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi aliichagua njia ya pili. Mwaka 1905 alisajili wazo lake nchini Ujerumani. Aliona kwamba moshi unaotoka kwenye ekzosi ni moto mno, una kasi, na unatupwa bure. Kwa nini usifanyishwe kazi?

Turbo basi ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa shafti moja. Gurudumu la kwanza limekaa katika njia ya ekzosi, na moshi hulizungusha. La pili limekaa katika njia ya hewa safi, nalo huivuta hewa na kuisukuma ndani ya injini. Usifikiri yanazunguka polepole kama feni ya darasani. Hupita mara 100,000 kwa dakika!

Magari ya kwanza ya turbo kuuzwa kwa watu wa kawaida yalitokea Marekani mwaka 1962: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair. Hapa kwetu wengi walianza kuifahamu turbo kupitia Safari Rally. Björn Waldegård alishinda mwaka 1984 akiwa na Toyota Celica yenye turbo, na miaka kumi baadaye, 1994, Mkenya mwenzetu Ian Duncan akashinda kwa Celica ya turbo vilevile.

KIZURI HAKIKOSI ILA

Sasa angalia hatari iliyojificha. Moshi ukizidi, turbo huzunguka zaidi. Turbo ikizunguka zaidi, hewa huingia zaidi. Hewa ikiingia zaidi, petroli nyingi zaidi huwaka, na moshi huzidi tena! Ni duara lisilo na mwisho. Mambo yakiachwa hivyo, shinikizo la hewa, au presha kama tunavyosema barabarani, litapanda mpaka kitu fulani kivunjike.

Kinachovunjika kwanza kwa kawaida ni pistoni. Sababu ni hii. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Ukitaka kuhakikisha, ijaze baiskeli upepo kisha uguse pampu. Hewa iliyoingia kwenye turbo ikiwa na nyuzi 25 inaweza kutoka ikikaribia nyuzi 100. Ndiyo maana magari mengi huwa na intakula, yaani rejeta ya kupozea hewa hiyo kabla haijaingia kwenye silinda. Hata hivyo, shinikizo likizidi kipimo, mchanganyiko wa hewa na petroli huchoka kungoja moto uufikie. Badala ya kuwaka kwa utaratibu kuanzia kwenye plagi, sehemu iliyobaki hulipuka yenyewe kwa kishindo. Mafundi husema injini "inagonga".

Pistoni hutengenezwa kwa alumini, na alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660. Moto ulio juu yake hupita nyuzi 2,000. Je, mbona haiyeyuki kila siku? Inasalimika kwa sababu tabaka jembamba la hewa isiyo moto sana huikinga, na mafuta ya injini huipoza kwa chini. Injini inapogonga, vile vishindo huiondoa ile kinga. Ni kama kumvua mtu blanketi katika baridi ya Limuru, ila hapa kinachomngoja ni moto. Pistoni hutoboka.

MLINZI WA KWANZA: KOPO NA KILANGO

Wahandisi walifikiri wakapata dawa. Ikiwa moshi ndio unaoizungusha turbo, basi moshi ukizidi upewe njia ya mkato, upite pembeni bila kuligusa gurudumu. Kwa hivyo kando ya gurudumu la moshi huwa kuna kilango kidogo cha chuma. Mafundi hukiita westigeti. Kikifungwa, moshi wote hupitia kwenye gurudumu. Kikifunguliwa, sehemu ya moshi huenda zake moja kwa moja kwenye ekzosi, na turbo haiongezi kasi.

Nani hukifungua kilango? Hapo ndipo penye utamu. Ni hewa yenyewe ya turbo. Ukiitazama turbo utaona kopo dogo la chuma lililoshikizwa kando yake. Ndani ya kopo mna kiwambo cha mpira, na nyuma ya kiwambo mna springi. Kutoka kwenye kiwambo hutokea kifimbo cha chuma kinachokwenda mpaka kwenye kilango. Mpira mwembamba huleta hewa kutoka upande wa turbo unaosukuma hewa hadi ndani ya kopo.

Wale wa Fizikia tufanye hesabu kidogo. Chukua kiwambo chenye eneo la sentimita mraba 20, yaani mita mraba 0.002. Shinikizo la turbo likiwa kilopaskali 50 juu ya hewa ya nje:

Nguvu = shinikizo × eneo
= 50,000 × 0.002
= nyutoni 100

Hiyo ni sawa na uzito wa kama kilo kumi. Ikiwa springi imekazwa kwa nyutoni 100, basi kilango hakitafunguka mpaka turbo ifikishe kilopaskali 50. Ikipita hapo, springi hushindwa, kifimbo husogea, kilango hufunguka na moshi hupunguzwa. Shinikizo likishuka, springi hurudisha kilango. Ukubwa wa shinikizo umeamuliwa na springi, na springi imeamuliwa na kiwanda. Huyu ni mlinzi asiyehitaji umeme wala kompyuta.

Jambo moja la kukumbuka: ule mlio wa "pshhh!" ambao vijana huupenda si wa kilango hiki. Huo hutoka kwenye vali nyingine iliyo upande wa hewa safi, nayo hufunguka dereva anapoachilia mafuta ghafla, ili hewa iliyokuwa njiani isirudi kuipiga turbo.

MLINZI WA PILI: KOMPYUTA NA SOLENOIDI

Springi ni mlinzi mwaminifu lakini hana akili. Haijui kama injini ni baridi au moto, wala kama petroli ni nzuri au mbaya. Kiwanda kikiweka springi kali, gari litakuwa hatarini siku ya petroli mbaya. Kikiweka springi laini, gari litakuwa goigoi siku zote.

Kampuni ya Saab ya Uswidi ilipata njia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mhandisi wake Per Gillbrand na wenzake walifunga kwenye injini kihisio cha kusikiliza kama inagonga. Kikisikia mgongo, mtambo wa umeme huamuru vali ndogo ipunguze shinikizo la turbo. Injini isipogonga, shinikizo huruhusiwa kupanda tena. Gari likaweza kutumia petroli za viwango mbalimbali bila kudhurika. Leo magari ya turbo yanayotoka viwandani yana mtambo wa jamii hiyo.

Hebu tufuate jinsi unavyofanya kazi katika magari mengi ya petroli yaliyoingia nchini kutoka Japani.

Kwanza, kwenye ule mpira unaokwenda kwenye kopo hutiwa kitundu chembamba sana cha kuipunguza hewa inayopita. Baada ya kitundu, mpira hugawanyika: tawi moja huenda kwenye kopo, la pili huenda kwenye vali ya umeme iitwayo solenoidi.

Pili, solenoidi ikifunguka, hewa huvuja kupitia kwake na kurudi kwenye njia ya kuingizia hewa. Kwa kuwa kitundu ni chembamba, hewa inayovuja haijazwi upesi. Shinikizo ndani ya kopo hupungua. Kopo hudanganywa kwa hekima! Turbo inaweza kuwa imefikisha kilopaskali 80, lakini kopo linahisi 50 tu, hivyo kilango kinachelewa kufunguka.

Tatu, kompyuta haifungui solenoidi moja kwa moja. Huifungua na kuifunga mara nyingi kwa sekunde. Ikitaka shinikizo kubwa, huiacha wazi kwa muda mrefu zaidi katika kila mara. Ikitaka dogo, huifupisha.

Nne, kompyuta haiamini tu. Hupima. Kihisio cha shinikizo huiambia hali ilivyo, nayo hulinganisha na shabaha iliyoandikiwa na kiwanda kwa kila mwendo wa injini. Likipungua huongeza, likizidi hupunguza. Injini ikigonga, huchelewesha cheche ya plagi na kushusha shinikizo. Shinikizo likipita mpaka wa mwisho, hukata petroli kabisa kwa nukta chache, na gari hushtuka kama punda aliyekataa kwenda.

Sasa tia mstari chini ya jambo hili. Waya wa solenoidi ukikatika, solenoidi hufunga. Kopo hupata hewa yote, kilango hufunguka mapema, na gari hurudi kwenye shinikizo dogo la springi. Litakosa nguvu, lakini litakufikisha nyumbani. Kiwanda kilikusudia hivyo. Lakini mpira wa kopo ukichomoka au ukipasuka, kopo halipati hewa kamwe, kilango hubaki kimefungwa, na lile duara nililotaja huanza kukimbia bila breki. Umeme ukikosa, salama. Mpira ukikosa, balaa.

MOMBASA SI NAIROBI

Nchi yetu ina miinuko, na hili ni muhimu. Shinikizo la hewa Mombasa ni kama kilopaskali 101. Nairobi ni takriban 83. Gari lisilo na turbo likipanda kutoka pwani hadi Nairobi hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya hewa yake.

Je, lenye turbo? Springi ya kopo inasukumwa na hewa ya turbo upande mmoja, na hewa ya nje upande wa pili. Kwa hivyo hulinda tofauti. Kilopaskali 50 juu ya hewa ya Mombasa ni 151 kwa jumla. Kilopaskali 50 juu ya hewa ya Nairobi ni 133. Nguvu imepungua kidogo. Ili kupata 151 hapa Nairobi, turbo lazima iongeze 68, tena kutoka kwenye hewa nyepesi. Itabidi izunguke kwa kasi zaidi na itoe hewa ya moto zaidi. Ndiyo maana kompyuta nyingi hupima hewa ya nje na kuipunguzia turbo kazi milimani. Dereva asiyejua atalalamika kwamba gari "limekufa". Halijakufa. Linajihifadhi.

KISA CHA MJOMBA

Mjomba wangu alikuwa akisambaza mayai kutoka Naivasha hadi Nairobi. Alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akanunua stesheni wagoni ya mtumba yenye turbo. Ilikuwa nzuri ajabu. Lakini alisikia kwamba milimani ingeweza kuvuta zaidi. Akaenda kwa fundi mmoja aliyesifiwa sana vijiweni.

"Bosi," fundi akamwambia, "kiwanda kimelifunga hili gari mdomo. Niachie nusu saa nilifungue lipumue."

Akauchomoa ule mpira wa kopo na kuuziba kwa bolti. Aisee! Gari likavuta kama nini! Mjomba alinipandisha siku hiyo, na nilicheka hadi mbavu zikauma. Lakini kila tulipofika kasi fulani, gari lilishtuka. Sasa unajua ni nini: kompyuta ilikuwa inakata petroli. Ilikuwa inalia, "Nisaidieni!" Mjomba akarudi kwa fundi, naye akafunga kidude cha kuidanganya kompyuta kwamba shinikizo ni dogo. Mlinzi wa kwanza alikuwa amefungwa mikono, na wa pili sasa akazibwa mdomo.

Wiki tatu zilipita. Asubuhi moja, akipanda Kinungi na trei za mayai hadi juu, mjomba alisikia kelele kama ya changarawe ndani ya debe. Akadhani ni mawe ya barabarani, akazidi kukanyaga mafuta. Mara moshi wa samawati ukatanda nyuma, nguvu zikaisha, gari likasimama. Mayai yaliuzwa pale pale kando ya barabara kwa bei ya kutupa.

Injini ilipofunguliwa na fundi mwingine, mzee mmoja mpole, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Yule mzee hakumcheka mtu. Alinionyesha mpira, kopo, kitundu na solenoidi, kimoja baada ya kingine, na mengi ya somo hili nimeyapata kwake. Kisha akaupangusa ule mpira uliozibwa, akampa mjomba mkononi.

"Mzee mwenzangu, kiwanda hakikuwa na wivu na wewe," alisema. "Walichokunyima ndicho kilichokuwa kinakutunza."

Mjomba alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akanigeukia: "Mpwa wangu, karo yako itachelewa. Nisamehe." Nilitamani angenigombeza, kuliko kuomba msamaha. Mkopo analipa hadi leo. Gari lina injini nyingine sasa, na mpira wa kopo hukaguliwa kila anapobadilisha oili.

TUMEJIFUNZA NINI?

Tumejifunza kwamba turbo hutumia moshi kushindilia hewa; kwamba kopo na springi huweka mpaka wa chini; kwamba solenoidi na kompyuta huongeza juu ya hapo kwa kupima kila wakati; na kwamba anayewaondoa walinzi hao hapati nguvu ya bure, bali amekopa kwa injini, na injini hudai kwa riba. Gari likikosa nguvu, kagua mipira, vibano na solenoidi kwanza. Gari likipata nguvu ghafla bila sababu, usishangilie. Simama ukague upesi zaidi.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Na kumbuka kuwa ngoma, kama lile kopo, huwambwa kwa kiwambo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kiwambo cha kopo kina eneo la sentimita mraba 25. Shinikizo la hewa ndani ya kopo ni kilopaskali 60 juu ya hewa ya nje. Tafuta nguvu inayosukuma kifimbo.
2. Waya wa solenoidi umechomoka. Shinikizo la turbo litapanda au litashuka? Eleza.
3. Kwa nini turbo hufanya kazi ngumu zaidi Kericho kuliko Kilifi ikitakiwa kutoa shinikizo la jumla lile lile?
4. Tunga sentensi ukitumia: mvukuto, kiwambo, goigoi.

Majibu: (1) 60,000 × 0.0025 = nyutoni 150. (2) Litashuka, kwa kuwa solenoidi hufunga na kopo hupata hewa yote. (3) Hewa ya Kericho ni nyepesi, hivyo turbo huanzia chini na hulazimika kuishindilia zaidi. (4) Mpelekee mwalimu wako wa Kiswahili!